Okoa kochi, lakini usizibe dirisha

Huenda sebuleni kwako mna kochi ambalo upande wa ukutani bado ni jekundu, na upande wa dirishani umepauka. Hapa Mombasa, nyuzi nne hivi kusini mwa ikweta, jua ni kali mwaka mzima. Kwa hivyo wengi hufunga madirisha na kuteremsha mapazia mazito kutwa nzima. Kochi hupona. Je, wakaao ndani?

Kwanza tueleze kwa nini rangi huchujuka. Katika nuru ya jua mna miali isiyoonekana kwa macho, iitwayo miali ya urujuanimno. Miali hii, ikisaidiana na hewa, huvunja chembe za rangi kitambaani. Nuru tuionayo na joto huongeza madhara. Nyuzi nazo hudhoofika, ndiyo maana pazia kuukuu huchanika likivutwa kidogo. Rangi iliyoharibika hivyo hairudi kwa kufua.

Kioo cha kawaida hakimalizi tatizo. Huzuia sehemu kubwa ya miali ile mikali inayounguza ngozi, lakini hupitisha mingi ya aina nyingine, ambayo hupausha vitambaa. Na hiyo inayozuiwa ndiyo ngozi inayoihitaji kutengeneza vitamini D. Mtoto anayeoteshwa jua nyuma ya kioo hapati faida hiyo, na upungufu wa vitamini D huweza kumletea matege. Atolewe nje kwa muda mfupi, bila kuachwa aungue. Mtoto mwenye ualbino akingwe na jua. Muulize daktari kuhusu vitamini yake.

Hatari kubwa zaidi ni chumba kilichofungwa. Hewa yetu ya pwani ina unyevu mwingi. Isipopita, ukungu huota kutani na wenye pumu hutaabika. Aidha, mgonjwa wa kifua kikuu akikohoa, vijidudu huweza kuelea kwa saa kadhaa katika chumba kisichopitisha hewa, na wote waliomo huvivuta. Robert Koch, daktari Mjerumani aliyetangaza ugunduzi wa vijidudu hivyo mwaka 1882, alieleza baadaye kwamba jua la moja kwa moja huviua. Basi hewa na jua ni kinga usiyoinunua.

Wazee wa Mji wa Kale walilijua jambo hili. Tazama nyumba za Ndia Kuu: kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, roshani zinazotia kivuli, na madirisha ya mbao yenye vipande vilivyolazwa mshazari. Jua huzuiwa, upepo hupita.

Nawe waweza kufanya hivi:

Asubuhi kinga madirisha ya mashariki, na alasiri yale ya magharibi, huku ya upande mwingine ukiyaacha wazi.

Tia mapazia bitana nyeupe, na uyafunge pale tu jua linapoingia moja kwa moja.

Sogeza makochi mbali na dirisha. Geuza mito na zulia mara kwa mara ili visipauke upande mmoja. Leso kuukuu yatosha kufunika mgongo wa kochi.

Ukiwa na uwezo, bandika kwenye vioo karatasi ya plastiki inayochuja miali ya urujuanimno. Hupunguza kuchujuka, ingawa haikomeshi.

Magodoro na mito ya kulalia ianike juani. Joto na ukavu hupunguza wadudu wa vumbi wanaochochea pumu.

Dawa zisiwekwe dirishani kamwe. Nuru na joto huweza kuziharibu kama zinavyoharibu rangi, na mara nyingi hutaona dalili yoyote.

Mtu akikohoa kwa wiki mbili au zaidi, apelekwe hospitali akapimwe. Matibabu ya kifua kikuu hutolewa bila malipo katika hospitali za umma. Kochi lililopauka hushonewa kitambaa kipya. Pafu lililoharibika halina fundi.