Eneokazi la Linux kwa Wacheza Michezo

Linux, mfumo endeshi wa programu huria ulioanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, humwachia mtumiaji achague mwenyewe eneokazi, yaani jumla ya madirisha, menyu na mipangilio anayokutana nayo anapowasha kompyuta. Kwa mcheza michezo uchaguzi huo hutatiza, kwa kuwa maeneokazi ya Plasma, GNOME, Xfce na Cinnamon yote huendesha michezo ileile, na tofauti ya idadi ya fremu zinazochorwa kwa sekunde mara nyingi ni ndogo mno isiweze kuonekana kwa macho. Kazi nzito ya kuchora ni ya kadi ya picha na kiendeshi chake, na michezo iliyotungwa kwa ajili ya Windows huwezeshwa na Proton, programu iliyotolewa na kampuni ya Valve mwaka 2018 juu ya msingi wa mradi mkongwe wa Wine.

Eneokazi huingia mwishoni, pale picha iliyokwisha kuchorwa inapopelekwa kwenye skrini, na inayoipeleka ni kompozita, sehemu ya eneokazi inayoyaunga madirisha yote yakawa picha moja. Skrini ya kawaida hubadili picha mara 60 kwa sekunde, takriban kila milisekunde 17, ilhali mchezo hauna mwendo thabiti kiasi hicho; fremu mpya ikiingia katikati ya zamu, sehemu ya juu ya skrini huonyesha tukio moja na ya chini jingine, kasoro iitwayo kuchanika kwa picha. Kompozita ikiizuia kwa kuisubirisha fremu hadi zamu ifuatayo, tendo la mchezaji huchelewa kuonekana, jambo lisilomdhuru mcheza chesi lakini linalomponza mlenga shabaha. Dawa iliyo bora ni skrini yenye mwendo unaobadilika, ambayo huisubiri fremu badala ya kusubiriwa, mradi eneokazi lijue kuitumia.

Hapa Plasma imetangulia. Uwezo huo ilikuwa nao tangu mwaka 2021 katika Wayland, itifaki mpya ya kuonyesha picha inayochukua nafasi ya X11 ya miaka ya 1980, na GNOME iliuleta Machi 2024, tena kama jaribio. Valve nayo, iliyokuwa ikitumia GNOME katika mfumo wake wa awali, ilihamia Plasma ilipotoa Steam Deck, kifaa chake cha michezo cha mkononi, mwaka 2022, ingawa hoja hiyo isitiliwe chumvi: katika hali ya michezo kifaa hicho huiweka Plasma kando na kutumia kompozita ya pekee iitwayo Gamescope.

Mwenye kompyuta kuukuu yenye kumbukumbu ya gigabaiti 4 ana hesabu nyingine, na kwake Xfce yafaa zaidi, kwa sababu huacha kumbukumbu nyingi kwa ajili ya mchezo na kompozita yake huzimika kwa mpangilio mmoja tu. Asiye na hakika anaweza kusakinisha maeneokazi mawili katika mashine moja na kuchagua mojawapo kila anapoingia. Michezo hubaki katika folda ileile, wala hailazimu kupakuliwa upya kwa gharama ya kifurushi kingine cha intaneti.