Msuli wa Paja Usiotaka Kurudi

Siku hogo linapokatwa, mgonjwa huutazama mguu wake kama mtu aliyeletewa mgeni. Ngozi imepauka, goti limekakamaa, na paja lililokuwa nene limenywea hata suruali inapwaya upande mmoja. Picha ya eksirei inaonyesha kuwa mfupa umeunga. Daktari ameridhika, na ana haki ya kuridhika. Mgonjwa anaambiwa aende akafanye mazoezi na kutembeatembea, kisha anapanda gari kurudi kwao. Miezi mitatu baadaye paja ni lile lile.

Kama kwao ni Kaisho, wilayani Kyerwa, safari za kila siku ni za kupanda na kushuka vilima, kwenda kwenye migomba na mibuni na kurudi na mzigo. Tumfikirie dereva wa bodaboda wa huko aliyevunjika mguu, kisa ambacho mhudumu yeyote wa afya mkoani Kagera atakitambua. Kwenye tambarare anatembea bila kuchechemea. Akianza kushuka mteremko, goti linakatika ghafla. Sababu ni kwamba tunaposhuka, msuli wa mbele ya paja hufanya kazi ya breki: hurefuka huku ukibeba uzito wote wa mwili. Breki ikiwa dhaifu, mtu hushuka upandeupande, au huanguka, na akianguka huenda akavunjika tena. Pikipiki ya mkataba nayo haisubiri paja linenepe.

Wapo wanaosema msuli huu ni mvivu. Wengine husema mgonjwa ndiye mvivu. Ushahidi hauwaungi mkono.

Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014 nchini Uholanzi, vijana wenye afya njema walifungwa goti moja lisikunjike. Baada ya siku 14 tu, ukubwa wa msuli wa mbele ya paja ulikuwa umepungua kwa kiasi cha asilimia 8, na nguvu zake kwa kiasi cha asilimia 23. Hao hawakuvunjika wala kuumia popote. Mgonjwa wetu amekaa wiki nyingi, ana jeraha, na pengine hakula vizuri. Tena tazama kwamba nguvu zilipotea haraka kuliko nyama. Sehemu ya udhaifu haimo ndani ya msuli wenyewe, imo katika amri inayotoka kwenye neva.

Hapo ndipo penye kiini cha ukaidi huu. Mwaka 1984 watafiti waliingiza maji ya chumvi taratibu ndani ya magoti ya watu wazima. Mililita 20 hadi 30, yaani kama vijiko viwili vya chakula, zilitosha kuudhoofisha msuli wa ndani ya paja, juu kidogo ya goti. Misuli mingine ya paja ilihitaji mililita 50 hadi 60. Goti lililojaa hupeleka taarifa kwenye uti wa mgongo, na uti wa mgongo huizuia amri isiufikie msuli. Mgonjwa anakaza kwa moyo wote, lakini msuli haupokei. Kumwambia aongeze bidii huku goti limevimba ni sawa na kumhimiza farasi aliyefungwa kamba mguuni.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni uvimbe. Mguu uinuliwe juu ya mto wakati wa kupumzika, goti lifungwe bendeji ya kuvutika kwa kiasi, kitambaa kilicholoweshwa maji baridi kiwekwe mara kadhaa kwa siku, na matembezi marefu yapunguzwe kwa muda. Kukanda na kuchua kunaburudisha, nami simkatazi mtu, lakini hakujapata kukuza msuli.

Kazi ya pili ni kuuamsha. Mgonjwa akae amenyoosha mguu, kitenge kilichoviringwa kiwe chini ya goti, kisha alikandamize goti kwenye kitenge na kushikilia kwa sekunde 5. Mhudumu aangalie kilegesambwa, ile pia ya goti: kikivutwa juu kuelekea pajani, msuli umeitika. Afanye mara 10, na arudie mara nyingi kwa siku. Kisha ainue mguu wote ukiwa umenyooka. Ikiwa goti linakunjika kidogo kila anapoinua, bado hajawa tayari kwa uzito.

Hapa niseme neno juu ya imani moja iliyoenea hata kwetu wataalamu. Kwa kuwa upande wa ndani wa paja, juu ya goti, ndio unaoonekana kuwa umebonyea, wagonjwa hupewa zoezi la kunyoosha hatua ya mwisho tu ya goti ili kuukuza msuli huo peke yake. Mwaka 1968 Lieb na Perry walionyesha kuwa kunyoosha nyuzi 15 za mwisho huhitaji nguvu zaidi kwa kiasi cha asilimia 60 kutoka kwa msuli mzima wa mbele ya paja. Shimo linaonekana pale kwa sababu utando unaofunika ni mwembamba, lakini ni paja zima lililopungua. Lifundishwe lote.

Kazi ya tatu ndiyo inayosahauliwa, nayo ni uzito. Mwaka 1945 daktari wa jeshi la Marekani, Thomas DeLorme, aliyekuwa akiwatibu askari walioumia magoti huko Chicago, alichapisha njia iliyopingana na desturi ya wakati wake. Badala ya mazoezi mepesi yasiyo na mwisho, alitafuta uzito ambao mgonjwa anaweza kuuinua mara 10 tu, akauongeza kadiri nguvu zilivyopanda. Baadaye, mwaka 1948, yeye na mwenzake Watkins walipunguza njia hiyo ikawa mizunguko mitatu ya mara 10: wa kwanza kwa nusu ya uzito huo, wa pili kwa robo tatu, wa tatu kwa uzito wote. Msingi huo haujazeeka. Msuli hukua ukidaiwa zaidi ya ulivyozoea. Kutembea, ambako huwaagiza wagonjwa wetu wote, hakuudai msuli huu sana, na mwili una ujanja wa kuupa mguu mzima kazi ya mguu mbovu bila mwenyewe kujua.

Kaisho uzito si shida. Mfuko wa mchanga ulioshonwa kwa kitambaa kigumu, ukapimwa kwenye mizani ya duka au ya kahawa, hufungwa kifundoni mgonjwa akiwa amekaa juu ya kiti kirefu. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo galoni la lita 5 ni kipimo tayari. Asiye na mzigo mkubwa asikate tamaa, kwani utafiti uliofanyika Kanada na kuchapishwa mwaka 2012 ulionyesha kuwa mzigo mwepesi, ukiinuliwa mpaka msuli uchoke kabisa, huweza kuukuza sawa na mzigo mzito. Jambo la lazima ni ule uchovu: mara mbili au tatu za mwisho ziwe ngumu kweli. Kisha huja kusimama kutoka kitini kwa kuegemea zaidi mguu mbovu, kupanda na kushuka kizingiti cha mlango polepole, na mwishowe kuteremka kilima chenyewe kwa hatua fupi. Mazoezi ya uzito yafanyike siku tatu kwa wiki, kukiwa na siku ya mapumziko katikati. Goti likiamka asubuhi limevimba kuliko jana, mzigo ulizidi. Upunguzwe, zoezi lisiachwe.

Mhudumu wa zahanati apime kwa futi ya fundi cherehani, sentimita 10 juu ya ukingo wa kilegesambwa, miguu yote miwili, na aandike kwenye daftari la mgonjwa pamoja na kilo anazoinua. Amwambie mapema kwamba kilo zitapanda kabla futi haijasogea. Wiki za kwanza ni neva zinazojifunza. Nyama hufuata baadaye, mara nyingi baada ya wiki 6 hadi 8. Wengi huacha katika wiki ya nne kwa kudhani wanajisumbua bure, kumbe tayari nguvu zimeongezeka. Na uzee si udhuru: huko Boston, watu 10 dhaifu wenye umri wa kukaribia au kupita miaka 90 walifundishwa kwa uzito kwa wiki 8, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 1990 yalionyesha kuwa nguvu za mapaja yao zilizidi maradufu.

Chakula kisiachwe nyuma. Ndizi za kupika ni chakula kizuri cha nguvu, lakini protini yake ni ndogo sana, takriban gramu moja katika kila gramu 100. Sahani ya ndizi isikose maharage mengi, au dagaa, maziwa, mayai, karanga. Msimu wa senene ukifika, daktari hana haja ya kusema kitu.

Kuna jambo ambalo vitabu vya mazoezi havilitaji. Kagera ndiko wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walikotambuliwa, mwaka 1983, na ng'ambo ya mpaka wa Uganda ugonjwa huo uliitwa slimu kwa jinsi ulivyokondesha. Penye kumbukumbu kama hiyo, mguu uliokonda huweza kumfanya mtu avae suruali pana na kukataa kufanya mazoezi barazani. Mhudumu aseme wazi, hata mbele ya jamaa akiruhusiwa na mgonjwa: paja moja lililopungua baada ya hogo ni msuli usiotumika. Mapaja yote mawili yakipungua pamoja na mikono na uzito wa mwili, hilo ni jambo jingine; lipimwe, pamoja na kifua kikuu na kisukari. Naye anayetumia dawa za kufubaza virusi anaweza kukuza msuli kwa mazoezi kama mwingine.

Uzito usiongezwe kabla aliyetibu mfupa hajaruhusu. Unyayo usioinuka au ganzi inayodumu huashiria neva iliyoumia, na mgonjwa apelekwe hospitali. Vivyo hivyo goti lenye joto pamoja na homa. Muundi wa nyuma uliovimba ghafla na kuuma, au kukosa pumzi, ni dharura ya siku hiyo hiyo.

Kuhusu pikipiki, kipimo changu ni hiki: akae kitini, asimame kwa mguu mbovu peke yake mara 10 bila kushika kitu, na tofauti ya mara kati ya mguu huo na mzima iwe ndogo. Kisha ashuke mteremko wa nyumbani kwake akitazama mbele, bila mkono wa mtu.