Maandalizi ya Hija kwa Mwenye Maradhi ya Kudumu

Kila mwaka, miezi michache kabla ya Mfunguo Tatu, nyumba nyingi za Waislamu wa Tanzania na Kenya huingia katika pilikapilika za aina moja. Shuka za ihramu hununuliwa, makubadhi hujaribiwa, jamaa huja kuaga na kuombana radhi. Katika shughuli zote hizo, jambo moja aghalabu halitajwi: kwamba hujaji mtarajiwa ana kisukari, shinikizo la damu au maradhi ya moyo. Amekusanya nauli kwa miaka mingi, naye huchelea kwamba akilitaja ataambiwa asubiri. Watoto wake nao hunyamaza kwa kumstahi. Hivyo mzee huondoka na begi lililojaa na maradhi yasiyojulikana na kiongozi wa msafara wala na mwenzake wa chumba.

Ukimya huo ndio mzigo wa hatari kuliko yote anayoibeba. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na katika Hija msemo huu una uzito wake, kwa sababu ibada hii ni kazi ya mwili. Sa'i peke yake ni safari saba kati ya Safa na Marwa, kila moja ikiwa na urefu wa kiasi cha mita 450. Jumla yake inapita kilomita tatu. Kabla yake kuna mizunguko saba ya tawafu, na baadaye kuna mwendo wa Mina, Arafa na Muzdalifa katikati ya umati mkubwa. Juu ya hayo kuna joto. Katika Hija ya mwaka 2024, kipimajoto katika Msikiti Mtukufu wa Makka kilifikia nyuzi 51.8 za Selsiasi, na serikali ya Saudi Arabia ilitangaza vifo 1,301. Wengi wa waliofariki walikuwa wamekwenda bila kibali rasmi, wakatembea mwendo mrefu juani pasipo kivuli wala mahali pa kupumzika. Miongoni mwao walikuwamo wazee na wenye maradhi ya kudumu.

Majuma manane kabla ya safari

Maandalizi ya afya huanza kwa daktari, walau majuma sita hadi manane kabla ya kuondoka. Muda huo unatosha kupima wastani wa sukari wa miezi mitatu, figo, moyo na shinikizo la damu, kubadili dawa isiyofaa na kuona kama mpya inakubaliana na mwili. Dawa ya kisukari au ya shinikizo ikibadilishwa juma la mwisho, matokeo yake yataonekana mgonjwa akiwa mbali na daktari anayemjua.

Katika miadi hiyo liulizwe pia swali linaloogopwa: je, mwili huu unaweza? Sheria ya dini yenyewe imeifungamanisha faradhi hii na uwezo, na wanazuoni huujumuisha uzima wa mwili katika uwezo huo. Masharti ya afya yanayotolewa na Saudi Arabia katika miaka ya karibuni huwazuia wagonjwa ambao figo, moyo au mapafu yao yameshindwa kazi. Kwa asiyetarajiwa kupona, upo mlango wa hija ya badali, na hilo ni la kuzungumzwa na shehe wake. Ila wagonjwa wengi wa kisukari na shinikizo la damu huweza kuhiji salama, mradi maradhi yao yamedhibitiwa na kutajwa. Kwa hiyo mgonjwa anayekwenda kwa daktari mapema hujiongezea nafasi ya kusafiri.

Chanjo nazo zina kalenda yake. Mnamo mwaka 2000 na 2001 mlipuko wa homa ya uti wa mgongo ulihusishwa na Hija, na mahujaji waliorejea makwao waliwaambukiza jamaa zao. Tangu hapo chanjo inayokinga aina nne za bakteria hao, yaani A, C, W na Y, imekuwa sharti, na hupaswa kuchomwa si chini ya siku 10 kabla ya kuwasili. Cheti cha homa ya manjano, kinachotakiwa kwa wanaotoka nchi zenye maambukizi, nacho huanza kutambuliwa siku 10 baada ya sindano. Aliyefikisha miaka 60 na hajawahi kuchanjwa dhidi ya homa ya manjano amweleze daktari, kwani madhara makubwa ya chanjo hiyo, japo ni nadra, huongezeka katika umri huo. Chanjo ya mafua inapendekezwa kwa wazee na wagonjwa wa kudumu.

Katika majuma hayohayo miguu ianze mazoezi. Kutembea dakika kumi jioni, kisha ishirini, kisha arubaini, kwa makubadhi yaleyale yatakayovaliwa Makka, huuandaa moyo na hulainisha makubadhi kabla hayajamchubua mwenyewe.

Mkoba wa dawa

Dawa zote za lazima zikae katika mkoba wa mkononi. Begi linaloingia tumboni mwa ndege linaweza kuchelewa au kupotea, na insulini iliyomo inaweza kuganda kwa baridi. Insulini iliyoganda haifai tena, hata ikiyeyuka na kuonekana safi. Zichukuliwe dawa za siku zote za safari na za majuma mawili ya ziada, kisha akiba hiyo ikabidhiwe kwa mwenzi wa safari. Vidonge vibaki katika pakiti zake.

Barua ya daktari itaje ugonjwa, kipimo cha dawa na jina lake halisi, kama vile metformini au amlodipini, kwa sababu jina la kibiashara la hapa huenda lisijulikane huko. Dawa kali za maumivu kama tramadoli na kodeini, pamoja na dawa za usingizi kama diazepamu, zinadhibitiwa vikali nchini Saudi Arabia. Anayezihitaji aombe kibali mapema, na asikubali kamwe kumbebea mtu kifurushi cha dawa.

Insulini ambayo haijafunguliwa huhifadhiwa katika nyuzi 2 hadi 8. Iliyofunguliwa, kwa aina nyingi, hudumu takriban majuma manne mahali pasipozidi nyuzi 30, lakini hema la Mina au kiti cha basi lililoegeshwa juani hupita hapo upesi. Chupa ya chai iliyopozwa vizuri husaidia, ilimradi barafu isiguse insulini. Kwa watu wa Afrika Mashariki ipo nafuu moja: saa za Makka ni sawa na za Dar es Salaam na Nairobi, hivyo ratiba ya sindano haibadiliki.

Vingine vya kufungasha ni kipima sukari na vijiti vyake, tende au glukosi kwa ajili ya sukari kushuka, pakiti za ORS, mwavuli, mafuta yasiyo na manukato ya kuzuia mapaja yasichubuke, na wembe mpya wa kunyolea, kwa maana wembe uliotumika huweza kuambukiza homa ya ini. Mwenye ganzi miguuni asikanyage mawe na lami ya nje peku. Achague makubadhi yanayoruhusiwa katika ihramu na akague nyayo zake kila usiku, kwani mguu wenye ganzi huungua bila mwenyewe kujua.

Mfuko usiokuwepo

Shuka mbili za ihramu hazina mifuko. Jambo hili dogo huwafanya wanaume wengi waache dawa hotelini siku ambayo mwili unazihitaji zaidi. Mkanda wenye kibweta kiunoni unaruhusiwa. Ndani yake viwekwe dawa za siku, tende chache na kadi inayotaja, kwa Kiingereza au Kiarabu, ugonjwa, dawa, hoteli na simu ya kiongozi wa msafara.

Anayetumia vidonge vya kupunguza maji mwilini amwulize daktari namna ya kuvitumia katika joto kali. Asiviache kwa uamuzi wake. Maji ya Zamzam yanywewe kwa wingi unaoruhusiwa na hali yake, lakini hayachukui nafasi ya insulini. Mwenzake wa chumba aonyeshwe dalili za sukari kushuka: jasho la baridi, kutetemeka, maneno kuchanganyika. Aonywe pia kwamba anayechanganyikiwa huku mwili ukiwaka moto apelekwe kivulini, amwagiwe maji, apepewe, na wauguzi waitwe mara moja.

Homa haipaswi kupuuzwa, huko wala nyumbani. Anayeugua homa akiwa Mina amwambie daktari ametoka nchi gani, maana malaria aliyoipata kwao huenda ndiyo kwanza inajitokeza. Anayeugua homa au kikohozi ndani ya siku 14 baada ya kurejea aseme ametoka Hija na kama alikaribia ngamia au alikunywa maziwa yao mabichi, kwani virusi vya MERS, vilivyotambuliwa Saudi Arabia mwaka 2012, hupatikana kwa wanyama hao.

Kwa familia inayomwandaa mzee mwaka huu, kazi ya kwanza haihitaji duka. Ni kuketi naye, kumwomba aitoe kila dawa anayotumia, ikiwemo ile anayoificha chini ya mto, kuiandika kwenye karatasi moja, na kumsindikiza kwa daktari akiwa nayo mkononi.