Uvimbe Mdogo Kichwani: Unaweza Kujulikana Bila Kupasuliwa



Safari hii tunataka tuzungumze juu ya ugonjwa ambao hautajwi sana vijijini, lakini unaweza kuvunja ndoa na hata kumpofusha mtu.

Chukua mfano wa mama wa miaka 28 mwenye mtoto mmoja. Tangu mwaka jana haoni mwezi wake. Matiti yanatoa maziwa, ingawa mtoto aliacha kunyonya zamani. Mimba haishiki. Mama mkwe ananung'unika, majirani wanasema amerogwa, na bwana yake ameanza kumshuku. Mwenyewe anaona haya kusema. Kumbe pengine shida haiko tumboni wala kwa jirani. Iko kichwani, na njia ya kuijua inaanza na chupa moja ndogo ya damu.

Ni kitu gani hiki?

Chini ya ubongo, nyuma ya mzizi wa pua, kuna tezi ndogo kama punje ya maharagwe. Inaitwa tezi ya pituitari. Ingawa ni ndogo, ni kama mwenyekiti wa tezi nyingine. Inatoa homoni, yaani kemikali za mwili zinazopita katika damu zikibeba amri: maziwa yatoke, hedhi ije, mtoto akue.

Mara nyingine uvimbe huota hapo. Msishtuke: karibu kila mara uvimbe huu si saratani. Lakini huweza kutoa homoni kupita kiasi, au ukikua, kusukuma mishipa ya macho inayopita juu yake.

Dalili za kuangalia

1. Mwanamke kukosa hedhi, kutoa maziwa bila kunyonyesha, au kukosa mimba. Wanaume nao hupoteza nguvu na hamu ya ndoa, wakanyamaza.

2. Mtu mzima kuongezeka mikono, miguu na taya. Pete haiingii, viatu vya zamani vinabana. Mabadiliko haya huja polepole, hata watu wa nyumbani hawayaoni. Toa kitambulisho chake cha zamani, ulinganishe picha na uso wa leo.

3. Uso kuwa wa mviringo, tumbo kunenepa huku miguu ikikonda, na michirizi ya zambarau kwenye ngozi, pamoja na sukari au presha. Dawa za steroidi zikitumiwa muda mrefu pia huleta hali hii, kwa hivyo mwambie daktari dawa zote unazotumia.

4. Kuumwa kichwa mara kwa mara na kutoona vizuri pembeni. Mtu anajigonga kwenye mlango, au haoni baiskeli inayotoka kando.

Dalili hizi zina sababu nyingine nyingi. Ndiyo maana tunapima, hatubahatishi.

Vipimo hufuatana vipi?

Wengi hufikiri kwamba ugonjwa wa kichwani ni lazima upasuliwe ndipo uonekane. Si hivyo. Vipimo huanza na vile vyepesi.

Kwanza ni maelezo yako. Muuguzi hawezi kujua habari ya maziwa usipomwambia. Kipimo cha mimba hufanywa mapema, na daktari huuliza juu ya dawa, kwa sababu baadhi ya dawa za ugonjwa wa akili na za kuzuia kutapika huleta maziwa pia.

Pili ni kipimo cha vidole. Mhudumu anakaa mbele yako, unafunika jicho moja na kumtazama usoni, naye analeta vidole kutoka pembeni. Unasema ukiviona. Hakiumi wala hakihitaji mashine.

Tatu ni damu. Kwa mama yule, maabara itapima prolaktini, homoni ya maziwa. Tezi ya shingo pia hupimwa, maana ikilegea huweza kupandisha prolaktini. Kwa anayeongezeka mikono, hupimwa homoni ya ukuaji. Anaweza kunyweshwa maji ya glukosi kwanza: kwa mtu mzima wa afya homoni hiyo hushuka, kwa mgonjwa haishuki inavyotakiwa. Kwa mwenye uso wa mviringo, huenda akaambiwa akusanye mkojo wa saa 24, au mate ya usiku kabla ya kulala.

Nne ni picha ya MRI. Mashine hii hutumia sumaku, haina miale kama ya eksirei. Unalala ndani yake, inapiga kelele nyingi, basi. Mwenye chuma mwilini aseme mapema.

Sasa sikilizeni jambo hili, maana ni pesa yenu. Picha ni ghali. Tena karibu mtu 1 kati ya 10 ana kivimbe kidogo hapo ambacho hakimsumbui maisha yake yote. Ukikimbilia picha bila damu, unaweza kurudi na hofu ya bure. Muulize daktari: "Damu yangu imesema nini?"

Wachache hupimwa zaidi: daktari bingwa hupitisha mrija mwembamba katika mshipa wa kinenani mpaka karibu na tezi, achukue damu ya hapo. Hata hapo kichwa hakifunguliwi.

Uvimbe ukipatikana

Uvimbe wa homoni ya maziwa mara nyingi hutibiwa kwa vidonge. Unasinyaa, hedhi inarudi, na wanawake wengi hupata mimba. Uvimbe mwingine hutolewa kwa kupitia puani.

Angalizo: kichwa kikiuma ghafula kupita kiasi, pamoja na kutapika na macho kufifia, usingoje kesho. Nenda hospitali mara moja.

Kikundi kifanye nini?

Msimcheke wala kumshuku mama asiyepata mtoto. Mmoja wenu amsindikize zahanati, aombe barua ya kwenda hospitali kubwa. Mfuko wa kikundi unaweza kumkopesha nauli na pesa za damu. Ulizeni pia bima yake inalipa nini.

Ya kujadili mkutanoni:
- Ni nani kati yetu anaficha dalili kwa sababu ya haya?
- Kipimo cha damu ni pesa ngapi katika hospitali iliyo karibu nasi?
- Tutawaambiaje mabwana na mama wakwe?