Saraka kuukuu za biashara ni hazina ya historia ya vijiji

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Usemi huo huelekezwa kwa wenye maduka, lakini unavifaa vilevile vijiji na vituo vya biashara vilivyosahau vilikotoka. Katika sehemu nyingi za Kenya, kijana akiuliza ni nani aliyefungua duka la kwanza sokoni na ni lini, hupata majibu matatu kutoka kwa wazee watatu. Wazee hao wanazidi kupungua, na kila mmoja anapozikwa, ushahidi wake huzikwa pamoja naye.

Hata hivyo, kuna daftari ambalo wengi hawalijui. Hizi ni saraka za biashara, yaani vitabu vya orodha ya wafanyabiashara vilivyochapishwa mara kwa mara ili kumwezesha mgeni au mnunuzi kujua nani anauza nini na wapi. Waliozichapisha hawakuwa na nia ya kuandika historia. Walitaka kuuza vitabu na matangazo. Lakini kwa kuwa zilitaja jina, kazi, mahali na mwaka, saraka hizo zimegeuka kuwa shahidi muhimu wa maisha ya zamani.

Nchini Uingereza, watafiti wa historia ya vijiji wamezitumia kwa miaka mingi. Mashuhuri zaidi ni zile za kampuni ya Kelly, iliyoanza na saraka ya jiji la London na kuanzia mwaka 1845 ikageukia majimbo. Kila kijiji kilielezwa kwa ufupi: kanisa lake, wamiliki wa ardhi, aina ya udongo, mimea iliyokuzwa na idadi ya watu. Kisha yalifuata majina ya wakulima, wenye maduka, waokaji mikate, washonaji na wahunzi. Chuo Kikuu cha Leicester kimeziweka nyingi za saraka hizo za Uingereza na Wales kwenye intaneti, na mtu yeyote anaweza kuzisoma bila malipo.

Faida yake huonekana msomaji anapoyalinganisha matoleo ya miaka mbalimbali. Mathalani, mtu aliyeorodheshwa kama mhunzi wa kupiga farasi viatu anaweza kuonekana miaka ishirini baadaye akiwa na karakana ya magari. Mistari miwili tu katika vitabu viwili humweleza msomaji jinsi gari lilivyomwondoa farasi barabarani, na jinsi jamaa moja ilivyojipatia riziki mpya.

Afrika Mashariki nayo ilikuwa na vitabu vya aina hiyo. Kinachojulikana sana ni East African Red Book, kilichotolewa na gazeti la East African Standard katika miaka ya 1920 na 1930. Kiliorodhesha ofisi za serikali, kampuni, wakulima na wakazi wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar.

Anayetaka kuvitumia vitabu hivyo hana budi kwanza kujua jina ambalo mahali pake palikuwa likiitwa enzi hizo. Anayetafuta Webuye katika saraka ya kikoloni ataambulia patupu, kwa maana mji huo uliitwa Broderick Falls. Nyahururu ilikuwa Thomson's Falls, Murang'a ilikuwa Fort Hall, nayo Kisumu iliitwa Port Florence wakati reli ilipofika huko mwaka 1901. Eldoret, kabla ya kupewa jina hilo mwaka 1912, ilijulikana kwa nambari ya shamba, 64. Isitoshe, kijiji kisichokuwa na posta aghalabu kiliwekwa chini ya stesheni ya reli au posta iliyokuwa karibu nacho. Kwa hivyo ni lazima kutazama pia miji ya jirani.

Hatua ya pili ni kutosoma toleo moja pekee. Habari zilikusanywa miezi mingi kabla ya kitabu kutoka, na mara nyingine mchapishaji alinakili orodha ya zamani bila kuuliza kama mwenye duka angalipo. Jina likionekana mara ya kwanza mwaka fulani, hilo halithibitishi kwamba duka lilifunguliwa mwaka huo. Linathibitisha tu kwamba kufikia hapo biashara ilikuwa imejulikana. Vivyo hivyo, jina kutoonekana hakumaanishi kwamba mtu amefariki au amefilisika.

Pia, jina la mwenye mali si lazima liwe la aliyesimama nyuma ya kaunta. Mfano mzuri ni Allidina Visram, mfanyabiashara mashuhuri kutoka India aliyefariki mwaka 1916. Alikuwa na matawi mengi kandokando ya reli na ndani ya Uganda, yakiendeshwa na mawakala wake. Mtafiti akilikuta jina lake katika stesheni tano kwa wakati mmoja, anapaswa kuuliza ni nani aliyeishi pale, akanunua ngozi na kuuza chumvi kwa wanakijiji.

Kasoro kubwa kuliko zote ni wale walioachwa nje. Saraka za enzi ya ukoloni ziliandikwa kwa ajili ya walowezi, maafisa na kampuni. Wahindi waliokuwa na maduka makubwa walitajwa, lakini Mwafrika aliyeuza samaki, nafaka au vyungu hakutajwa. Wanawake waliobeba mzigo mkubwa wa biashara ya masoko hawamo kabisa. Anayezisoma bila tahadhari anaweza kudhani kwamba biashara ililetwa na reli, ilhali watu wa Pwani, Ukambani na kandokando ya Ziwa Victoria walikuwa wakifanya biashara karne nyingi kabla ya reli kuwekwa.

Pengo hilo linaweza kuzibwa kwa kiasi. Gazeti Rasmi la Serikali, lililoanza kuchapishwa mwaka 1899 mjini Mombasa, lina matangazo ya ploti, leseni, kampuni na mirathi ya waliofariki, na matoleo yake mengi yanapatikana kwenye intaneti. Katika Hifadhi ya Kitaifa ya Nyaraka jijini Nairobi kuna ripoti za wakuu wa wilaya pamoja na kumbukumbu za mabaraza ya Waafrika yaliyoundwa kuanzia katikati ya miaka ya 1920. Humo ndimo masuala ya masoko na vinu vya kusaga unga vilivyomilikiwa na Waafrika yalimojadiliwa. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, Waafrika walianza kuunda kampuni zao, mojawapo ikiwa Luo Thrift and Trading Corporation iliyoasisiwa mwaka 1947 chini ya uongozi wa Jaramogi Oginga Odinga.

Saraka za baada ya uhuru nazo zina funzo lake. Mwaka 1967 Bunge lilipitisha Sheria ya Leseni za Biashara, iliyowazuia wasiokuwa raia kufanya biashara mashambani na katika sehemu nyingi za miji. Anayeweka saraka ya mapema miaka ya 1960 kando ya ile ya miaka kumi baadaye anaweza kuona maduka yakibadilisha wenyewe katika kituo kimoja baada ya kingine. Nyuma ya kila badiliko kuna jamaa iliyofunga virago na nyingine iliyopokea ufunguo.

Baada ya kukusanya majina, mtafiti anafaa kuyapanga kwa miaka katika jedwali: jina, kazi, mahali na kitabu yalikotoka. Kisha jedwali hilo lipelekwe kwa wazee. Mzee anayeulizwa kuhusu mambo ya kale kwa jumla huenda akatikisa kichwa tu. Lakini akisomewa jina la fundi cherehani wa mwaka 1955, yamkini atakumbuka pale cherehani ilipowekwa, nani alikuwa akifundishwa kazi hapo, na mwenye duka aliitwaje na wenyeji. Hapo ndipo wale ambao kitabu kiliwaacha nje huanza kutajwa. Majibu yao yaandikwe papo hapo, pamoja na tarehe na ruhusa ya msemaji.

Ni muhimu pia kuonya kwamba saraka si hatimiliki. Jina la babu kuonekana katika kitabu cha zamani halimpi mjukuu haki ya kudai ploti, na anayelitumia hivyo atazua ugomvi pasipo faida. Mambo ya ardhi yana sajili zake.

Kazi hii haihitaji shahada. Shule ya upili inaweza kuifanya kwa muhula mmoja, wanafunzi wakigawana miaka ya kuchunguza na wazee wa kuwahoji. Lisilowezekana ni kuiahirisha bila kikomo. Vitabu vitaendelea kukaa maktabani, lakini wanaoweza kueleza majina yaliyomo, na kutaja yale yasiyokuwemo, hawatangoja.