Pini zilizowapeleka watu kumi kitanzini
Kisa cha kilima cha Pendle, Uingereza

UKIWA na haraka unaweza kukipita kilima cha Pendle bila kukiangalia mara mbili. Kipo kaskazini mwa Uingereza, katika jimbo la Lancashire, na urefu wake ni mita 557 tu kutoka usawa wa bahari. Waingereza wengi huanza kuita mlima kitu kilichofika mita 610, kwa hiyo Pendle kwa hesabu hiyo hakimo. Ni kilima. Lakini waulize watu wa Burnley, Nelson au Clitheroe, miji inayokizunguka, watakwambia hakuna kingine duniani kama hicho.

Hata jina lenyewe ni kichekesho. Watu wa kale walioishi pale walikiita "Pen", maana yake kilima. Wakaja wengine wenye lugha yao, hawakujua Pen ni nini, wakaongeza neno lao la kilima. Maneno mawili yakaungana yakawa Pendle. Baadaye sana, watu wakiwa wameshasahau yote, wakaongeza neno la Kiingereza la siku hizi, "Hill". Basi ukisema Pendle Hill umesema kilima kilima kilima. Sisi hapa tunaongeza la nne!

Kwa mbali kinaonekana kama nyangumi aliyelala. Kimesimama peke yake, kimejitenga na safu ya milima ya Pennine. Chini kuna mawe ya chokaa, juu yake jiwe la mchanga gumu, na juu kabisa udongo mweusi uliotokana na majani yaliyooza kwenye maji kwa maelfu ya miaka. Udongo huo unanyonya mvua kama sifongo. Miti hakuna. Kuna nyasi ngumu, vichaka vifupi vinavyotoa maua ya zambarau mwishoni mwa kiangazi, ndege jamii ya kwale, kondoo, na upepo. Upepo wa kule, we acha tu. Wenyeji hutania kuwa ukikiona Pendle ujue mvua inakuja, na usipokiona ujue tayari inanyesha.

Sasa sikia kilichotokea chini ya kilima hiki mwaka 1612.

MACHINGA NA PINI ZAKE

Tarehe 18 Machi mwaka huo, mchuuzi mmoja aliyeitwa John Law, mtu wa Halifax, alikuwa akitembea njiani karibu na Colne, mzigo mgongoni. Siku hizi tungemwita machinga. Akakutana na msichana Alizon Device, mtoto wa familia ya ombaomba. Alizon akataka pini. Pini za wakati ule zilitengenezwa kwa mkono, hazikuwa kitu cha kutupatupa, na wengine walizitumia kwenye mambo ya uganga. Upande mmoja ulisema msichana alikuwa anaomba bure, yeye alisema alitaka kununua. Vyovyote vile, mchuuzi hakutaka kufungua mzigo wake.

Hatua chache mbele John Law akaanguka. Upande mmoja wa mwili ukalegea, ulimi ukawa mzito. Leo daktari yeyote angesema ni kiharusi. Mwaka 1612 watu wakasema amerogwa. Na kibaya zaidi, Alizon mwenyewe aliamini hivyo! Alipopelekwa kwa mgonjwa alikiri na kuomba msamaha.

Hapo ndipo kasheshe ilipoanza. Hakimu wa eneo hilo, Roger Nowell, alimwita Alizon tarehe 30 Machi pamoja na mama yake Elizabeth na kaka yake James. Msichana akasema kuna mbwa mweusi, yaani shetani, na kwamba ndiye aliyemtuma amlemaze mchuuzi. Akamtaja bibi yake mzaa mama, ajuza kipofu wa miaka kama 80 aliyejulikana kwa jina la Demdike. Kisha akamtaja na bibi wa familia nyingine, Chattox, naye kikongwe wa umri huohuo.

Familia hizi mbili zilikuwa hazipikiki chungu kimoja. Wote walikuwa maskini, wote waliishi kwa kuomba, kufanya vibarua na kutibu watu na mifugo. Inasimuliwa kuwa baba yake Alizon alikuwa akimlipa Chattox unga kila mwaka ili asimdhuru. Mwaka ambao unga haukutolewa, 1601, baba akafa, na alipokuwa akikata roho aliamini ni Chattox. Ukiangalia vizuri unaona biashara yenyewe: mtu maskini asiye na shamba wala ng'ombe, mtaji wake ni kuogopwa. Unafaa sana mpaka siku serikali inapokuja kuuliza.

Na serikali ilikuwa inauliza. Aliyekalia kiti alikuwa Mfalme James wa Kwanza, ambaye mwaka 1597 alishaandika kitabu kizima kuhusu wachawi na mashetani. Mwaka 1604 sheria ya uchawi ilikazwa. Hakimu wa kijijini aliyeleta wachawi alikuwa na kila sababu ya kutegemea sifa.

Vikongwe wawili wakakiri. Wao, Alizon, na binti yake Chattox wakasafirishwa hadi gereza la ngome ya Lancaster, safari ya zaidi ya kilomita 40. Tarehe 10 Aprili, siku ya Ijumaa Kuu, ndugu na majirani walikusanyika nyumbani kwa Demdike, mahali palipoitwa Malkin Tower. James alikuwa ameiba kondoo wa jirani ili wapate kitoweo. Mimi nasoma hapo naona kikao cha ukoo uliopatwa na msiba: watu wetu wako ndani, tufanyeje? Hakimu alipopata habari aliona mkutano wa wachawi unaopanga kulipua ngome. Waliokula yule kondoo wakakamatwa mmoja baada ya mwingine.

MTOTO JUU YA MEZA

Kesi ilisikilizwa Lancaster tarehe 18 na 19 Agosti 1612. Demdike hakuiona, alishafia gerezani. Washitakiwa hawakuwa na wakili wala shahidi wa kuwatetea. Shahidi mkuu wa serikali alikuwa Jennet Device, mdogo wake Alizon, mtoto wa miaka kama tisa.

Alipoingizwa mahakamani, mama yake Elizabeth alimwona akapiga kelele, akamlaani, akamlilia. Mtoto akalia, akasema hawezi kuzungumza mama akiwepo. Wakamtoa mama. Jennet akasimamishwa juu ya meza ili watu wote wamwone, na kutoka pale juu akaeleza kuwa mama yake ni mchawi, ana jini lenye umbo la mbwa wa rangi ya kahawia anayeitwa Ball. Akaeleza ya kaka yake James. Akaeleza nani alikuwepo Ijumaa Kuu.

Kuna sehemu moja inanisumbua kila nikiikumbuka. Miongoni mwa walioshitakiwa alikuwa Alice Nutter, mjane wa Roughlee, mwanamke mwenye uwezo wake, si ombaomba kabisa. Ilidaiwa alishiriki kumuua kwa uchawi mtu mmoja aliyekuwa amemnyima Demdike senti. Jaji alitaka kuhakikisha mtoto hakufundishwa. Akawapanga wafungwa, akamwambia Jennet awaonyeshe waliokuwepo. Jennet akaenda moja kwa moja, akamshika Alice mkono, akasema hata alipokuwa amekaa. Jaji akamtega kwa jina la kubuni, mtoto akajibu hamjui mtu huyo. Basi mahakama ikaridhika. Hakuna aliyeuliza kama kukaa mezani na kula nyama ya kondoo ni sawa na kuua mtu.

Alice Nutter alikana mwanzo hadi mwisho, na zaidi ya hapo hakusema kitu. Alizon ndiye aliyeumiza watu. Alipoletwa mbele ya John Law, mchuuzi akiwa amepinda mwili, msichana alipiga magoti akalia, akakiri tena.

Karani wa mahakama, Thomas Potts, aliandika yote hayo kwenye kitabu kilichotoka 1613, ndiyo maana tunayajua. Hakuwa na huruma. Kuhusu Elizabeth alieleza kwa mapana jinsi macho yake yalivyokuwa na kasoro, moja limeshuka kuliko jingine, moja likitazama chini na jingine juu, kama vile macho nayo ni ushahidi.

Tarehe 20 Agosti watu kumi walinyongwa nje ya mji wa Lancaster, tisa kati yao wakiwa wa upande wa Pendle. Walikuwemo Chattox na binti yake, Alice Nutter, mama mmoja na mtoto wake wa kiume, na pia Elizabeth, James na Alizon. Mwingine aliyekuwepo kwenye kikao cha Ijumaa Kuu, Jennet Preston, alikuwa ameshanyongwa York mwezi Julai. Mtoto Jennet, kwa siku moja, alibaki bila mama, bila kaka, bila dada.

Kama unadhani yameishia hapo, subiri. Miaka 20 na ushee baadaye, mvulana mmoja wa huko huko Pendle, Edmund Robinson, wa miaka kama kumi, alidai amewaona mbwa wawili wakigeuka watu na akapelekwa kwenye karamu ya wachawi. Watu wakakamatwa kwa wingi, na mwaka 1634 baraza la wazee wa mahakama likawatia hatiani wengi wao. Miongoni mwa majina ya washitakiwa lipo la Jennet Device. Wengi wanaamini ni yule yule wa juu ya meza, sasa mtu mzima, sasa yeye ndiye anayenyooshewa kidole na mtoto.

Safari hii majaji walisita, wakampelekea habari Mfalme Charles. Baadhi ya wanawake walipelekwa London, na William Harvey, daktari yule aliyegundua jinsi damu inavyozunguka mwilini, akapewa kazi ya kusimamia uchunguzi wao. Hakuna alama ya kichawi iliyothibitishwa. Mvulana akabanwa akasema ukweli: alitunga, alikuwa amechelewa kurudisha ng'ombe nyumbani akaogopa kipigo. Lakini kutoka gerezani ilibidi mfungwa alipie gharama za kukaa gerezani. Katika orodha ya wafungwa wa Lancaster ya mwaka 1636, jina la Jennet Device bado limo.

NABII NA ZEBAKI

Mwaka 1652 alipita kijana mmoja mhubiri, George Fox. Alikiona kilima, akasikia moyoni anasukumwa kupanda, akapanda kwa taabu kwa sababu upande ule ni mkali kweli. Juu aliona bahari ya Lancashire, na kwa maono akaona watu wengi wakisubiri kukusanywa. Aliposhuka alikunywa maji kwenye chemchemi ambayo mpaka leo inaitwa kisima cha Fox. Kutokana na mahubiri yake ya mwaka ule lilikua dhehebu la Marafiki, wanaojulikana zaidi kama Quaker, watu wa ibada ya kimya na wasiopenda vita.

Hapa ndipo Pendle inapotufikia sisi. Mwaka 1902 wamisionari watatu wa dhehebu hilo kutoka Marekani walifungua misheni Kaimosi, magharibi mwa Kenya. Leo Kenya ndiyo nchi yenye Quaker wengi kuliko nchi yoyote duniani, wengi wao Waluhya. Muumini wa Kaimosi ana haki ya kusema imani yake ilipitia juu ya kilima cha wachawi.

Miaka tisa tu baada ya Fox, tarehe 27 Aprili 1661, walipanda watu wengine, safari hii na mirija ya kioo na zebaki: Richard Towneley wa Burnley na rafiki yake daktari Henry Power. Walipima hewa chini ya kilima, wakapima juu, wakaona hewa iliyofungiwa kwenye mrija inatanuka kadiri wanavyopanda. Matokeo yao yalimsaidia Robert Boyle, na waliosoma fizikia sekondari wanaikumbuka kanuni ya Boyle ilivyowatoa jasho. Kutoka kitanzini mpaka kipimahewa, miaka 49, kilima ni kile kile.

Siku hizi Pendle inaishi kwa wachawi wake. Kuna pombe zenye majina yao, kampuni ya mabasi iliwahi kuyapa mabasi jina la wachawi, na usiku wa tarehe 31 Oktoba watu hupanda wakiwa na kofia nyeusi za ncha. Mwaka 2012, miaka 400 ilipotimia, tarakimu kubwa 1612 zilitandikwa ubavuni mwa kilima zikaonekana kwa mbali, na kijijini Roughlee pakasimamishwa sanamu ya Alice Nutter. Malkin Tower yenyewe haijulikani ilikuwa wapi hasa.

Mwaka 1998 serikali ya Uingereza iliombwa iwasamehe. Ikajibu kuwa hukumu zibaki kama zilivyo.

Ukibahatika kufika, anzia kijiji cha Barley. Njia ya ngazi za mawe ndiyo fupi, lakini itakutoa pumzi. Vaa viatu vya tope, beba koti hata kama jua linawaka, na ukungu ukishuka usijifanye mjuaji, rudi ulikotoka.