Mabibo na Mbuzi wa Kusini (3): Chakula Kinachooza Chini ya Mkorosho

Minada ya korosho ya RUNALI, chama kikuu cha ushirika, ikifunguliwa, habari kutoka Ruangwa, Nachingwea na Liwale huwa moja tu: kilo ya korosho imefika shilingi ngapi. Bibo halitajwi, ingawa huizidi uzito korosho yake mara kadhaa. Mkulima hunyofoa korosho, bibo akalitupa. Machache hukaushwa yakawa kochoko ya kupikia pombe, mengi huoza.

Upofu huu si wa leo. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mpango wa karanga Kongwa, kisha Urambo na Nachingwea. Kwa ajili ya karanga za Nachingwea ilianzishwa bandari mpya Mtwara na kutandikwa reli. Matrekta, mengine yakiwa vifaru vya vita vilivyogeuzwa, yaling'oa misitu kabla mvua na udongo havijachunguzwa vya kutosha. Mwaka 1951 mpango ulivunjwa, pauni milioni 36 zikiwa zimepotea, na reli nayo baadaye ikang'olewa. Mkorosho, mgeni aliyeletwa na Wareno kutoka Brazili, haukuhitaji reli wala vifaru; mkulima mwenye jembe aliupanda, ukakubali. Waliodharau kilichopo wakisubiri makubwa walivuna madeni, na sisi tungali tunawaiga.

Mabibo huanguka kuanzia Septemba, majani yakiwa yamekauka na mbuzi wamekonda. Yakikamuliwa au kukatwa vipande, yakaanikwa juu ya turubai hadi yakatike kwa mkono, huhifadhika kwenye magunia. Wafugaji wa kaskazini mashariki mwa Brazili huwalisha mbuzi na kondoo makapi hayo. Watasema bibo lina ukakasi. Kweli, tanini yake huifunga protini, nayo protini yenyewe ni haba. Ndiyo maana huchanganywa na majani ya mbaazi, zao lililojaa wilaya hizi. Watasema mbuzi atavimbiwa. Atavimbiwa akijazwa mabichi yenye sukari kwa siku moja. Aanze na kidogo, na maganda ya korosho asipewe kabisa, kwani mafuta yake huunguza. Watasema msimu hauna nafasi. Lakini bibo limekwisha kuokotwa pamoja na korosho yake. Kilichobaki ni kuanika kabla ya mvua. Na anayeona kochoko inalipa zaidi apige hesabu ya nyumba nzima: pombe hunywewa ikaisha, mbuzi huzaa. Maafisa mifugo wa halmashauri hizi tatu wasingoje mradi. Turubai moja kila kijiji yatosha kuanzia.